Muziki bila waya: mwenye chombo ni nani?

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, chombo unachonisikilizia hivi sasa, kama ni redio ya kawaida, ni chombo kisicho na waya. Sauti yangu imetoka studio, imepanda mnara, imeruka hewani na kukufikia jikoni, dukani au ndani ya daladala bila uzi wowote kati yetu. Kwa hiyo wafanyabiashara wanapotuambia kwamba muziki bila waya ni jambo la karne hii, tuwakubalie nusu tu. Kuondoka kwa waya si jambo jipya. Jipya ni kwamba siku hizi kila mtu anaweza kuwa na kituo chake kidogo cha kurusha matangazo, ndani ya simu, mfukoni, akayapeleka kwenye spika iliyo mita chache kutoka alipokaa.

Nimeona tulizungumze jambo hili kwa sababu fedha zinazoingia humo si ndogo. Mtu hujinyima miezi kadhaa, akaenda dukani, akaonyeshwa maboksi yanayowaka taa za kila rangi, akanunua. Maswali mawili ya maana hakuyauliza. La kwanza: sauti hii inatengenezwa na nini? La pili: baada ya miaka kumi, ni nani atakayeamua kama chombo hiki kiendelee kulia au kinyamaze? Tuanze na la kwanza, maana ndilo jepesi.

Sauti ni hewa inayosukumwa, basi. Spika iliyomo ndani ya boksi lako, hata kama umeinunua jana, inafanya kazi kwa mtindo ulioelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Koili ya waya mwembamba imening'inizwa kwenye uwazi wa sumaku, na koili hiyo imegandishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme wa muziki ukipita, koili inavutwa na kusukumwa, koni inaifuata, nayo koni inaipiga hewa. Tangu hapo karatasi mara nyingine imekuwa plastiki na sumaku zimekuwa ndogo zenye nguvu zaidi, lakini kazi ni ileile. Utaona basi kwamba mwisho kabisa wa safari pana waya, wala hapana namna ya kuuondoa. Maneno "bila waya" yanahusu kipande kimoja tu cha njia, kutoka simu hadi kwenye boksi. Kuna hata spika za nyumbani zinazoitwa hivyo na bado zina waya mrefu wa kwenda ukutani kutafuta umeme.

Kwa kuwa kazi ni kusukuma hewa, ukubwa una maana yake. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na ndiyo sababu jirani husikia besi yako wakati maneno ya wimbo hayasikii. Kuisukuma besi hiyo kunahitaji koni pana, au koni inayokwenda mbele na nyuma kwa kiasi kikubwa. Spika ya ukubwa wa kikombe cha chai haina uwezo huo. Watengenezaji huweka kompyuta ndogo ndani ambayo huinyanyua besi sauti ikiwa chini, kisha huipunguza kimyakimya unapoongeza sauti ili koni isipasuke. Wengi wamewahi kuliona hilo nyumbani bila kujua sababu yake: spika inasifiwa kwa besi, lakini siku ya sherehe inabaki kelele ya juu tupu. Si kwamba imeharibika.

Sasa wati. Hapa ndipo uongo ulipoweka makao. Kwenye boksi la sabufa utaona imeandikwa wati 5,000, pengine 10,000, na mbele yake herufi PMPO. Herufi hizo zilitufikia tangu enzi za rediokaseti na hazijaondoka. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wahandisi kinachoitwa hivyo. Kila kiwanda hujiandikia kinavyopenda. Hesabu yake ni rahisi mno. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230 hivi. Zidisha: unapata wati 2,990. Pasi ya umeme inayonyoosha nguo hula wati elfu moja na zaidi, na ukiishika utajua moto wake. Chombo cha wati 5,000 kitachomekwaje kwenye plagi hiyo na kisiunguze fyuzi? Geuza boksi utazame kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme kinaotumia. Mara nyingi utakuta wati 40, au 60. Hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa maana amplifaya haiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu ambayo haikuingia. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliweka kanuni mwaka 1974 ikiwataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani wataje nguvu inayotolewa mfululizo, kwa sababu matangazo yalikuwa yamevuka mipaka. Kwetu mnunuzi hana budi kugeuza boksi mwenyewe.

Na hata wati za kweli zisikubabaishe. Ili sikio lisikie kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, amplifaya inahitaji nguvu kama mara kumi. Kutoka wati 30 hadi wati 40 ni tofauti ambayo hutaisikia, ila bei yake utaisikia.

Tuingie sasa kwenye hiyo safari isiyo na waya. Njia zinazotumika sana majumbani ni mbili, na ingawa zote ni mawimbi ya redio, tabia zao ni mbalimbali kabisa.

Ya kwanza ni Bluetooth. Ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, kwa shabaha ndogo ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba, ziliungana ili vifaa vya kila mmoja visikilizane. Jina ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Blåtand, yaani Jino la Buluu, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Alama ile unayoiona kwenye simu ni herufi zake mbili za kale zilizobebanishwa.

Bluetooth hukaa kwenye masafa ya karibu megahezi 2,400, eneo lisilohitaji leseni, na kwa hiyo limejaa watu. Wi-Fi imo humo, na tanuri la maikrowevu hupiga kelele humohumo. Ili isizamishwe, Bluetooth ya muziki imegawanya eneo hilo katika njia 79 na hurukaruka kutoka moja hadi nyingine hadi mara 1,600 kwa sekunde, ikizikwepa zile zenye msongamano. Ni kama watu wawili sokoni wenye maongezi yao, wanaohama kibanda hadi kibanda kwa mpangilio wanaoujua wao tu. Hila hii ni nzuri, lakini mawimbi ya masafa hayo humezwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiweka simu mfuko wa nyuma na kuipa spika kisogo, muziki utakatika. Kabla ya kumtafuta fundi, geuka.

Kuna jambo la pili kuhusu Bluetooth. Sahani ya CD, tangu ilipotoka mwaka 1982, hubeba vipande vya habari milioni 1.4 kila sekunde. Bluetooth kwa ufungashaji wake wa kawaida hupeleka 328,000 kwa wingi, yaani chini ya robo. Kwa hiyo simu huufinya muziki, ikitupa zile sehemu ambazo inakisia sikio halitazigundua. Lakini wimbo ulioupata kwenye intaneti kwa kawaida ulikwisha kufinywa huko ulikotoka. Simu huufungua, kisha huufinya mara ya pili. Waliowahi kunakili kanda kutoka kanda iliyokwisha nakiliwa wanajua kinachotokea kila hatua. Hata hivyo hasara ya hapa ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kanda, na kwenye spika ya kikombe sioni sababu ya mtu kukosa usingizi. Zipo njia bora zaidi za kufungasha, ila sharti simu na spika zote mbili ziwe nazo. Kinachoudhi zaidi ni ucheleweshaji. Kufungasha na kufungua huchukua muda, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na ndiyo maana katika filamu midomo ya wasemaji hutangulia maneno. Simu nyingi huichelewesha picha kusudi ili mambo yalingane. Televisheni si zote.

Njia ya pili ni Wi-Fi, na tofauti yake kubwa watu wengi hawaijui. Katika Bluetooth simu ndiyo inayobeba muziki. Simu ikitoka nyumbani, muziki umetoka nayo. Katika Wi-Fi, mara nyingi simu ni rimoti tu. Unapobonyeza wimbo, simu huiambia spika uliko, na spika yenyewe huenda kuuchukua kwenye intaneti. Simu ikiita, muziki hauingiliwi. Nafasi ni pana zaidi, hivyo hakuna haja ya kufinya mara ya pili. Na nyumba nzima inaweza kulia pamoja.

Hili la nyumba nzima lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Mtu aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa hadhara, kati ya kipaza sauti cha mbali na cha karibu, anajua namna maneno yanavyokanyagana. Spika ya sebuleni na ya jikoni zikipishana hata kidogo, mwenye nyumba atasikia vivyo hivyo. Kampuni ya Sonos, iliyoanzishwa mwaka 2002 huko Santa Barbara, California, ilijipatia jina kwa kulitatua. Kila kifaa kina saa, kimoja huongoza, na kila kipande cha muziki hutumwa kikiwa na maagizo ya wakati hasa wa kupigwa. Vifaa vyao vya kwanza viliingia sokoni mwaka 2005, na ni haki kusema vilikuwa kazi safi.

Gharama yake kwetu ni bando. Muziki wa vipande 320,000 kwa sekunde hula karibu megabaiti 144 kwa saa. Piga hesabu ya saa nne kila siku kwa mwezi, unapita gigabaiti 17. Bluetooth peke yake haili bando hata chembe. Kama nyimbo zimo kwenye simu, kadi au fleshi, hakuna unachodaiwa. Na umeme ukikatika, kisanduku cha Wi-Fi kinalala pamoja na spika zake zote, wakati kile kispika cha betri kinaendelea.

Sasa tufike kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonileta hapa. Spika inayojiendea yenyewe kwenye intaneti ni kompyuta. Ina programu, nayo programu ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Januari 2020, Sonos hiyohiyo iliwatangazia wateja kwamba kuanzia Mei vifaa vyake vya zamani, vingine vilivyouzwa hadi mwaka 2015, havitapata tena marekebisho ya programu. Na kwamba aliyechanganya vya zamani na vipya, vyote vingesimama pale pale. Koni zilikuwa nzima, sumaku nzima, amplifaya nzima. Kilichokwisha ni nafasi ndani ya kompyuta yake. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeweka mpango wa kumpunguzia bei ya kifaa kipya, kwa asilimia 30, yeyote atakayekubali kukiua cha zamani: ukibonyeza, zinahesabiwa siku 21, halafu chombo kinazimika moja kwa moja kisifufuke. Kelele zikawa nyingi, mkuu wa kampuni Patrick Spence akaomba radhi, mpango ule wa kuua ukafutwa, na kufikia Juni mwaka ule programu ikagawanywa mbili ili vya zamani viendelee kivyake. Mwezi Mei 2024 walitoa programu nyingine mpya, na wateja wakaamka wakakuta mambo waliyoyazoea, kama kengele ya kuwaamsha asubuhi, hayamo. Spence aliacha kazi Januari 2025.

Nisionekane ninaiandama kampuni moja. Machi 2025, kidude cha Google kiitwacho Chromecast Audio, kilichotoka mwaka 2015 kwa ajili ya kuzipa amplifaya za zamani uwezo wa Wi-Fi, kilikataa kazi duniani kote kwa siku kadhaa. Sababu? Cheti cha usalama kilichowekwa ndani yake kilikuwa kimefikia tarehe ya mwisho, kama leseni ya gari. Google ililirekebisha, ingawa bidhaa yenyewe ilikuwa imeacha kutengenezwa tangu 2019. Ingeamua vinginevyo, wenye vidude wangefanya nini? Na Oktoba 2025 Bose ilitangaza kwamba mwaka 2026 itaacha kuzihudumia kwa njia ya mtandao spika zake za SoundTouch, zilizotoka mwaka 2013. Baadaye ilisogeza tarehe mbele na kuwafungulia watengeneza programu maelezo yake ili wanaotaka wajisaidie, jambo ambalo naona ni la kiungwana. Lakini angalia ni nini walichoambiwa wateja kitabaki salama hata hivyo: Bluetooth, na tundu la waya.

Tundu la waya! Lile lenye duara, jekundu na jeupe, lilianza kutumiwa na kampuni ya RCA ya Marekani miaka ya 1930. Amplifaya ya mwaka 1975 iliyo nalo itaupokea muziki wa simu ya leo kwa waya wa bei ndogo, kwa sababu tundu halina programu wala halimuulizi mtu ruhusa. Redio ya FM nayo haina akaunti wala neno la siri, ingawa hata hewa ina wenyewe: Norway iliyazima matangazo yake ya kitaifa ya FM mwaka 2017, na redio nyingi nzima zikabaki mapambo.

Jambo hili linatugusa kuliko linavyowagusa walioko Ulaya, kwa sababu sisi hukaa na vitu muda mrefu, na sehemu ya vifaa vinavyouzwa kwetu vimekwisha tumika huko. Spika ya Wi-Fi iliyotumika inaweza kukufikia ikiwa ingali imefungwa kwenye akaunti ya mtu wa Hamburg au Dubai, au ikiwa imebakiza mwaka mmoja wa kuhudumiwa. Usiilipie mpaka muuzaji aifute mbele yako na kuiunganisha upya kwa simu yako.

Ushauri wa mafundi wengi, nami ninaukubali, ni kutenganisha kinachozeeka haraka na kinachozeeka polepole. Koni, boksi na amplifaya vikitunzwa huishi miaka 30. Sehemu ya kupokea mawimbi na programu zake hupitwa na wakati kwa miaka michache. Vikiwa ndani ya boksi moja lililogandishwa kwa gundi, kijana anamfia mzee mikononi, na wote wawili wanazikwa. Lakini ukichukua amplifaya na spika zako za zamani, ukachomeka kwenye tundu lake kipokezi kidogo cha Bluetooth, basi siku kipokezi kitakapochoka utatupa kipokezi tu. Vivyo hivyo kwa betri: za lithiamu hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, kwa hiyo tazama kama kifuniko kina skrubu ambazo fundi anaweza kuzifungua.

Na ukiwa dukani, kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji azime intaneti ya simu yake, azime na Wi-Fi ya duka. Halafu mwambie apige muziki. Kisha aiweke simu kando kabisa, ajaribu tena kwa fleshi, kwa redio, au kwa waya kwenye tundu la nyuma. Kinachoendelea kulia baada ya hapo ndicho unachokinunua.